Wilaya 60B: Kiti Kidogo Kando ya Mto Mississippi



Mgeni apandaye treni ya mjini kutoka uwanja wa ndege wa Minneapolis, akateremka kituo cha Cedar-Riverside, hujikuta chini ya majengo marefu ya saruji yaliyopachikwa vipande vya rangi nyekundu, manjano na buluu, mithili ya kanga zilizoanikwa juu ya kamba moja ndefu. Hayo ndiyo majengo ya Riverside Plaza, yaliyosanifiwa na Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973. Refu kuliko yote lina ghorofa 39, na fleti zake zote kwa jumla zinapita 1,300. Msanifu alikusudia matajiri na maskini wakae pamoja humo. Matajiri hawakukaa sana. Waliokaa ni wale ambao dunia iliwatupa huko: kwanza watu wa kutoka mashariki ya Asia, kisha Waoromo na Wahabeshi, na tangu vita vya Somalia vilipoanza, Wasomali kwa maelfu.

Tulipopita katika njia za chini ya majengo hayo tulisikia Kisomali, Kioromo na Kiamhari, na si mara moja tu tukajibiwa kwa Kiswahili. Hilo lisimshangaze msomaji. Wengi wa wazee wale walikaa miaka Dadaab, kambi iliyofunguliwa mwaka 1991, au Kakuma, au Eastleigh mjini Nairobi, na watoto wao walijifunza Kiswahili kabla ya Kiingereza. Mzee mmoja auzaye udi na kofia alitwambia kwa lafudhi ya Mombasa kwamba yeye huota kwa Kisomali, lakini hesabu hufanya kwa Kiswahili.

Mtaa wenyewe umezoea kupokea wageni. Kabla ya karne ya ishirini kuanza ulikuwa wa Waswidi, Wanorwe na Wadenmaki, watu maskini wa viwanda vya mbao na unga. Barabara yake kuu, Cedar Avenue, iliitwa kwa utani Snoose Boulevard, yaani barabara ya ugoro, kwa wingi wa wenyeji wake waliokuwa wakiuweka mdomoni. Wadenmaki walijenga ukumbi wao, Dania Hall, mwaka 1886, nao ukateketea kwa moto mwaka 2000. Hapana shaka nao waliambiwa kwamba hawajui Kiingereza na kwamba wanakaa wenyewe kwa wenyewe. Leo wajukuu wao ni mahakimu na maseneta.

Lakini hatukukusudia kuandika habari za majengo na ugoro. Tumekusudia kuandika habari za kiti kimoja cha Bunge, kwa sababu kiti hicho kimefundisha mambo ambayo jumuiya zetu, huku tuliko, bado hazijayatia maanani.

Jimbo la Minnesota, kama yalivyo karibu majimbo yote ya Marekani, lina Bunge la nyumba mbili. Seneti ina watu 67. Baraza la Wawakilishi (na ndugu zetu wa Zanzibar watalitambua jina hilo) lina watu 134. Kila wilaya ya seneta hukatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande humchagua mwakilishi wake kila baada ya miaka miwili. Mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka kumi, ili wilaya zilingane kwa idadi ya watu. Kwa sensa ya 2020 kila kiti cha Baraza kilipaswa kubeba watu takriban 42,600. Watu hao ni wachache kuliko wanaojaa katika kiwanja kikubwa cha mpira.

Wilaya 60B, kwa mipaka iliyochorwa mwaka 2012, ilichukua pande mbili za mto Mississippi: Cedar-Riverside kwa magharibi, Chuo Kikuu cha Minnesota kilichokaa kingo zote mbili, kisha mitaa ya Marcy-Holmes na Southeast Como kwa mashariki, na kisiwa kidogo cha Nicollet katikati ya maji. Waliokaa humo ni aina tatu za watu wasiosalimiana sana: wanafunzi wasiokaa zaidi ya miaka minne, wazungu wa makamo wenye nyumba zao, na wahamiaji wa minara.

Kiti cha eneo hilo kilikaliwa na mwanamke mmoja, Phyllis Kahn, tangu uchaguzi wa 1972. Huyu ni mwanasayansi mwenye shahada ya udaktari kutoka Yale, na ndiye aliyesimamia sheria ya mwaka 1975 iliyoifanya Minnesota kuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza nchini kudhibiti uvutaji sigara katika mahali pa watu wengi. Kila mmoja wetu apandaye basi na mtoto mwenye pumu ana haki ya kumshukuru. Alikaa Bungeni miaka 44. Tunalisema hili kwa sababu baadhi ya watu husimulia kisa cha 60B kana kwamba mwovu aliondolewa na mwema akaingia, na mambo hayakuwa hivyo. Alikuwa mtumishi hodari ambaye watu wa wilaya walikuwa wamebadilika chini yake, kidogo kidogo, kama mchanga unavyohama chini ya ngalawa iliyotia nanga.

Ni lazima tueleze mlango unaoingiliwa. Mjini Minneapolis chama cha Democratic-Farmer-Labor, kilichozaliwa kwa muungano wa vyama viwili mwaka 1944, hushinda karibu kila kiti. Kwa hiyo uchaguzi wa Novemba, huo ambao televisheni hupigia kelele, katika wilaya kama hii huwa umekwisha kuamuliwa. Unaamuliwa mahali pengine. Kwanza, wakati wa baridi, katika mikutano ya mitaa wanayoiita kokasi, ambamo majirani hukaa katika ukumbi wa shule na kuchagua wajumbe. Kisha katika mkutano wa wajumbe hao, ambapo mgombea anayepata asilimia 60 huidhinishwa na chama. Na mwisho katika kura za maoni, au mchujo kama wasemavyo ndugu wa Kenya, Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, wakati ambapo wanafunzi wamekwenda kwao na wenye nafasi wako likizoni. Ajuaye njia hii huingia. Asiyeijua hupiga kura yake Novemba, akarudi nyumbani akidhani amechagua.

Wasomali waliijua njia hii mapema kuliko wengi. Hussein Samatar alichaguliwa katika bodi ya shule za Minneapolis mwaka 2010, naye ndiye Msomali wa kwanza wa Minnesota kuchaguliwa katika wadhifa wa umma. Alipofariki mwaka 2013, nafasi yake alipewa Mohamud Noor. Mwaka huohuo Abdi Warsame akashinda kiti cha Baraza la mji. Basi mwaka 2014 Noor akajitokeza kumkabili Phyllis Kahn.

Kokasi ya tarehe 4 Februari 2014, iliyofanyika Brian Coyle Center katikati ya mtaa, ilijaa mamia ya watu. Kabla ya shughuli kuanza barabara watu walibishana kuhusu nani aongoze kikao, maneno yakawa mikono, na mkutano ukavunjika. Habari hiyo ilienea nchi nzima, na wasiotupenda walifurahi. Nasi tusiwe wepesi wa kucheka. Nani kati yetu ambaye hajahudhuria uchaguzi wa kamati ya msikiti au ya jumuiya ya watu wa kwao, ukaishia kwa viti kuinuliwa na watoto kulia? Tofauti ni kwamba wenzetu wale waligombania jambo lenye uzito. Sisi hugombania funguo za jiko la ukumbi.

Agosti ilipofika Kahn alishinda kwa takriban asilimia 54. Noor akapata zilizobaki. Watu wengi wa minara walivunjika moyo wakasema hesabu haziwezekani.

Miaka miwili baadaye wagombea walikuwa watatu: Kahn, Noor, na mwanamke kijana aliyeitwa Ilhan Omar. Huyu alizaliwa Somalia, akakimbia vita pamoja na jamaa zake, akaishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, na kuingia Marekani mwaka 1995. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siasa aliianza akiwa na umri wa miaka 14, babu yake alipomchukua katika kokasi ili amtafsirie. Hapa tungependa msomaji asimame kidogo. Babu hakujua Kiingereza, wala hakuona hilo kuwa ni udhuru. Alimshika mjukuu mkono, akaenda kukaa katika ukumbi wenye baridi akisikiliza watu wakihojiana juu ya kanuni za kikao. Majumba mangapi ya kwetu yana mzee wa namna hiyo? Watoto wetu hututafsiria hospitali, benki na shule. Hatujawahi kuwapeleka mahali ambapo tafsiri yao ingetufanya sisi kuwa wenye maamuzi.

Katika mkutano wa chama Omar aliongoza kwa zaidi ya nusu ya wajumbe lakini hakufikia asilimia 60, hivyo hapana aliyeidhinishwa. Tarehe 9 Agosti 2016 ikawa siku ya kukata shauri. Hesabu rahisi ilikuwa inasema kwamba Wasomali wawili watagawana kura za Wasomali na bibi wa miaka 44 atapita katikati. Haikuwa hivyo, kwa sababu Omar hakuegemea minara peke yake. Alivuka daraja. Aliijenga kampeni yake pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenyeji wa zamani wa upande wa mashariki, akiwaeleza habari za karo, mishahara na mazingira, mambo ambayo mtoto wa mkulima wa Kinorwe na mtoto wa Mogadishu wanayapata kwa uchungu uleule. Alipata karibu kura 2,400, kama asilimia 41. Wenzake wawili walipata kila mmoja kama asilimia 29, wakiachana kwa kura chache mno. Kura zote zilizopigwa hazikufika 6,000.

Novemba ilikuwa ni kukamilisha tu. Mpinzani wake wa chama cha Republican, naye pia Msomali, alikwisha kusimamisha kampeni yake mwezi wa Agosti. Tarehe 3 Januari 2017 Omar aliapishwa, mbunge wa kwanza mwenye asili ya Somalia katika Bunge lolote la Marekani. Wiki tatu na siku kadhaa baadaye, tarehe 27 Januari, ilitoka amri ya Rais iliyowazuia watu wa nchi saba kuingia nchini, na Somalia ilikuwa mojawapo. Wakati mlango mmoja ulipofungwa, mtu wao alikuwa tayari amekaa ndani ya mwingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2018 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuingia Kongresi, aliacha kiti chake akawania Uanasheria Mkuu wa jimbo; Omar akakichukua kiti hicho, na mwezi wa Januari 2019 Kongresi ikalegeza kanuni ya mwaka 1837 iliyokataza kufunika kichwa ukumbini, ili mwanamke mwenye hijabu akae bila ya kuomba radhi. Na 60B? Mohamud Noor, aliyeshindwa 2014 na 2016, alirudi mara ya tatu akashinda, kisha akachaguliwa tena 2020, 2022 na 2024. Mwaka 2020 Omar Fateh aliingia Seneti kwa wilaya ya jirani, na 2022 akafuata Zaynab Mohamed. Subira ya Noor imetuvutia kuliko umaarufu wa wengine.

Watu wa kwetu huuliza: kiti kama hicho kinaleta nini? Jibu lake tulilipata kwa kuinua macho. Ng'ambo ya Riverside Plaza, katika barabara ileile ya Cedar, liko jengo la serikali la ghorofa 25, wanamokaa watu wa kipato kidogo, wengi wao wahamiaji na wazee. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 Novemba 2019, moto ulizuka ghorofa ya 14. Watu watano walikufa. Ghorofa za makaazi hazikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji ya kuzimia moto, kwa sababu jengo lilijengwa kabla ya sheria kuyadai, na sheria iliyokuja baadaye haikuyagusa majengo ya zamani. Hapo pana tofauti baina ya kuwa na mbunge na kutokuwa naye. Noor alipeleka Bungeni mswada wa kulazimisha majengo hayo yawekewe mabomba. Mtu ambaye hajawahi kupanda lifti ile angeweza kuupeleka pia.

Vivyo hivyo katika habari za madereva. Watu wengi wa Afrika Mashariki katika miji ile huendesha gari za Uber na Lyft. Mwaka 2023 mswada wa kuwawekea kiwango cha chini cha malipo, uliosimamiwa na Seneta Fateh na Mwakilishi Hodan Hassan, ulipita Bungeni lakini Gavana akakataa kuutia saini. Mwaka 2024 ukapita mwingine wa maafikiano, na huo ukawa sheria. Na katika Baraza la mji, mwezi wa Aprili 2023, wajumbe 13, watatu kati yao Waislamu, walikubaliana kwamba adhana ya sala zote tano isikike kwa vipaza sauti mwaka mzima. Tuliisikia alasiri moja pale Cedar Avenue. Wapita njia hawakugeuza hata vichwa, na mwanafunzi mmoja mwenye baiskeli aliendelea kula sambusa yake.

Kuna kanuni za Minnesota ambazo tuliona vema kuzieleza, kwa kuwa zilisaidia. Mtu huweza kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, jambo lililoanza tangu 1974. Asiyekuwa na karatasi ya kuonyesha anapokaa huweza kushuhudiwa na jirani aliyejiandikisha katika mtaa huo, na jirani mmoja huruhusiwa kuwashuhudia watu wanane. Kura za mapema huanza siku 46 kabla. Mwajiri hana ruhusa ya kumkata mshahara mfanyakazi kwa muda aliokwenda kupiga kura. Majimbo mengine ni magumu zaidi: yapo yanayotaka mtu awe amejiandikisha mwezi mzima kabla, kwa hiyo kila mmoja aulize katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti yake. Na tahadhari moja isiyokuwa na mzaha: mwenye kadi ya kijani asithubutu kujiandikisha wala kupiga kura, hata akiletewa fomu mlangoni na kuambiwa ni halali. Kura hiyo moja huweza kumfukuzisha nchini. Asubiri kiapo cha uraia.

Tunawajua wazee wetu wasemao kwamba sisi tuko safarini, na msafiri hagombei kiti chomboni. Tumeisikia kauli hiyo tangu mwaka wa kwanza. Waliokuwa wakiisema wakati huo wamezikwa hukuhuku, na watoto wao wanalipa kodi ya nyumba. Pia tunawajua vijana wasemao kwamba kura moja haifai kitu. Hao tuliwaletea habari ya wilaya 54A, katika jimbo hilohilo, ambapo Novemba 2024 mshindi alipatikana kwa tofauti ya kura 14, huku kura 20 za mapema zikiwa zimepotea kabla ya kuhesabiwa. Shauri lilikwenda mahakamani. Baraza zima lilikuwa limegawanyika sawasawa, 67 kwa 67.

Uchaguzi huohuo wa 2024 ulikuwa na habari nyingine iliyotugusa zaidi. Kaskazini-magharibi ya Minneapolis kuna mji wa Brooklyn Park, wanakokaa Wakenya wengi, hasa watu wa Kisii na Nyamira. Wilaya 38A ya huko ilimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Yeye si wa dini yetu, lakini lugha tunayoandikia ukurasa huu anaifahamu, na waliomchagua wananunua unga wa ugali katika maduka yaleyale. Tulipita huko siku ya mwisho. Dirishani pa duka moja, baina ya tangazo la kutuma fedha Nairobi na la michango ya mazishi, kulikuwa bado kumebandikwa karatasi ya kampeni iliyokwisha kupauka kwa jua.